Klasi za eksepsheni ziishi wapi: folda moja, au kila moduli na zake?

Wiki iliyopita dogo tunayefanya naye kazi hapa Tabora kaniuliza swali, nikajua nitamjibu dakika mbili nirudi kwenye chai yangu. Kasema, kaka, hizi klasi zangu za eksepsheni zimeshafika 31, niendelee kuzijaza kwenye folda moja au kila moja niipeleke kwenye moduli yake? Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mi mwenyewe nimeshaishi pande zote mbili na zote zimeshaniumbua mbele ya mteja, halafu yule bro aliyenifundisha kazi, ambaye siku hizi yuko Kigoma, ana msimamo wake mkali na ukimpigia simu kwa swali kama hili ujue vocha inaisha. Tukampigia. Vocha ikaisha kweli.

Niwaeleze kwanza mfumo wenyewe. Ni mfumo wa wavuti wa chama cha msingi cha wakulima na wafugaji nyuki, tumeuandika kwa lugha ya PHP juu ya Laravel (fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea mifumo), mpangilio ule wa MVC wa kila siku: modeli zinashika data na sheria za biashara, viu zinaonyesha kurasa, kontrola zinapokea ombi la mtumiaji na kuligawa panapohusika. Mfugaji analeta ndoo kituoni, karani anapima uzito na unyevu wa asali, anaingiza, mfumo unapiga hesabu, usiku kazi ya cron (inayojiendesha yenyewe kwa saa iliyopangwa) inatuma hela kwenye simu za watu. Kodi yote (kodi ya programu nasema, ile ya TRA ina wenyewe) tunaishika watu watatu.

Na kwa wageni wa mambo haya, eksepsheni ni namna ya programu kusema hapa nimekwama, siwezi kuendelea, aliye juu yangu ashike hii. Aliyekwama anarusha, wa juu anadaka. Isipodakwa inapanda mpaka mwisho na mtumiaji anaona ukurasa wa 500 ambao haumwambii kitu. PHP inakuja na zake, kina RuntimeException na InvalidArgumentException na wenzao, ila ukitaka kutofautisha "ndoo haijasajiliwa" na "salio la chama halitoshi" inabidi utengeneze za kwako. Hapo ndo zinapotoka kama kumbikumbi baada ya mvua, leo mbili, mwezi ujao 31.

Sasa kuna watu watakwambia "kwa mujibu wa MVC zinakaa sehemu fulani". Huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Trygve Reenskaug, Mnorwei aliyeianzisha MVC mwaka 1979 akiwa Xerox PARC kule Marekani, alikuwa anafikiria programu za Smalltalk za kwenye skrini ya mtu mmoja, wavuti haipo hata kwenye ndoto, na alichogawa ni modeli, viu na kontrola basi. Chumba cha makosa hakikujengwa. Kila fremuweki iliyokuja baadaye ikajijengea kibanda chake uani na hawakuulizana.

Ndo maana hata fremuweki zenyewe hazikubaliani. Laravel ukiandika php artisan make:exception faili linaenda app/Exceptions, folda moja ya wote. Zamani ilikuwa na maana maana humohumo alikuwa anaishi Handler.php, mdakaji mkuu wa mfumo mzima, sasa toleo la 11 lilipotoka mwaka 2024 mradi mpya hauji tena na Handler, kazi yake imehamia bootstrap/app.php, na folda yenyewe haipo mpaka utengeneze eksepsheni ya kwanza, kwa hiyo wengi wetu tunaendelea kupanga kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba ameshahama. Django nao desturi yao kila kipande cha mradi kinakuwa na faili lake la exceptions.py, na zaidi ya hapo kila modeli inazaliwa na eksepsheni yake tumboni, ukiwa na modeli ya Mfugaji unapata Mfugaji.DoesNotExist bila kuandika chochote, na juu yake yupo mzazi wa wote ObjectDoesNotExist, unachagua udake mtoto au udake ukoo. Symfony kila kifurushi kina folda yake ya Exception, ndani kuna interfesi moja (alama ya pamoja ya klasi) ambayo eksepsheni zote za kifurushi hicho zinaivaa kama sare ya shule.

Dogo anapenda folda moja na sababu zake sio za kitoto. Anasema mtu mpya akifungua mradi anaona makosa yote yanayoweza kutokea kwenye mfumo mahali pamoja, ni kama orodha ya magonjwa ukutani zahanati. Pia ndo njia ya fremuweki, na kwenda na njia ya fremuweki kunapunguza maswali, mtu aliyesomea Laravel Dar au Mwanza akija hapa anajua pa kuangalia. Na hoja yake ya tatu ndo iliniuma kidogo, akasema kaka wewe mwenyewe hujawahi kufungua folda kutafuta faili, unabonyeza Ctrl na P unaandika jina, sasa folda ina kazi gani kwako? Kweli bana. Sikumbuki mara ya mwisho.

Niongeze moja ambayo hakuisema. PHP kwa utaratibu wa PSR-4 kila klasi inakaa faili lake, sio kama Python ambako unaweza kurundika eksepsheni 20 kwenye faili moja, mistari 40, umemaliza. Kwa hiyo ukianza kuzigawa kwenye moduli unaishia na folda sita zenye faili mbilimbili, kila faili mistari minane, na miwili tu kati ya hiyo ndo inasema kitu. Mfumo mdogo ukiufanyia hivyo ni kama kujenga ghala la mahindi debe mbili.

Bro wa Kigoma akasikiliza yote hayo kimya, simu ikawa inaleta upepo wa ziwani tu, mwisho akauliza swali moja. "Dogo, ile moduli ya tumbaku mliifutaje?"

Hapo nikacheka mwenyewe, maana jibu nalijua na linanihusu. Mfumo ulipoanza ulikuwa na tumbaku na asali, si unajua Tabora, halafu chama kikaamua upande wa tumbaku utashughulikiwa kwingine, tukaambiwa tuitoe. Kontrola za tumbaku tukafuta, modeli tukafuta, viu tukafuta, jioni tumemaliza tunajipongeza. Kwenye folda ya eksepsheni zikabaki saba hakuna aliyethubutu kuzigusa. Kulikuwa na BeiHaijawekwa, sasa hiyo ni bei ya tumbaku au ya asali? Kulikuwa na MzigoUmekataliwa. Majina yalikuwa mapana hivyo kwa sababu aliyeyaandika alikuwa anafikiria tumbaku peke yake siku hiyo, kichwani mwake ilikuwa wazi kabisa. Kwenye folda ya pamoja jina linapoteza ukoo wake, na ukitaka ulirudishe ukoo inabidi uandike TumbakuBeiHaijawekwa, yaani umetengeneza folda ndani ya jina. Zingekuwa ndani ya moduli ya Tumbaku tungefuta folda moja na kila kitu kingeondoka na chake.

Hoja hiyo kwangu ni nzito kuliko zote za upande wake. Zile nyingine za kwamba "inapendeza", "moduli inajitegemea", mi nazisikia tu, moduli za mifumo yetu hazijitegemei hata siku moja, zote zinachungulia databezi ileile.

Ila na mimi niliwahi kumsikiliza bro nikahamisha kila kitu, na nikaumia. Na hiki nataka nikae nacho kidogo maana sijaona watu wakikiongea sana. Ukihamisha klasi kutoka folda moja kwenda nyingine kwenye PHP unabadilisha na neimspesi (anwani ya klasi), maana yake jina kamili la klasi limebadilika. Sehemu inayorusha ukisahau kurekebisha utajua siku ikifika hapo, PHP inapiga kelele kwamba klasi haipo. Lakini sehemu inayodaka ukisahau, PHP haisemi kitu! Unaweza kuandika catch ya klasi ambayo haipo duniani, programu inakwenda tu, eksepsheni ikirushwa PHP inalinganisha, inaona sio hii, inapita. Hakuna onyo, hakuna chochote. Ni golikipa wa kuchorwa ukutani. Kwetu ilikuwa kontrola ya mapokezi, juu ya faili mstari wa use ulibaki na anwani ya zamani, majaribio yote yalipita kwa sababu hakuna jaribio lililopima njia ya kukosea, tukapeleka seva Ijumaa (najua, najua), Jumamosi karani kituoni anaingiza ndoo isiyosajiliwa, badala ya ule ujumbe wa upole wa kumwambia asajili kwanza anapigwa 500 nyeupe na foleni ya watu na baiskeli zao nyuma yake. Siku hizi tunapitisha PHPStan, chombo kinachokagua kodi bila kuiendesha, kabla ya kupushi, ile inakamata catch ya klasi isiyokuwepo. Tulikuwa tunaijua muda mrefu tu, uvivu.

Tukio hilo ndo lilinifungua macho kwamba huu ugomvi wa folda tunaupigana kwenye uwanja usio wenyewe. Folda ni ya macho ya binadamu. Mashine inapodaka haiangalii folda hata kidogo, inaangalia ukoo: klasi hii ni mtoto wa nani, imevaa interfesi gani. Unaweza kuwa na folda zilizopangwa kama sare za gwaride na bado handla yako ikawa imeandikwa if 31, au ukawa na folda moja chafu lakini ukoo umekaa vizuri na handla ina mistari kumi tu.

Na ukoo nao una ugomvi wake. Wengine wanasema tengeneza mzazi mmoja wa eksepsheni zote za mfumo wako, zote zirithi kwake. Microsoft walijaribu kitu cha hivyo kwenye .NET tangu mwanzo, waliweka ApplicationException ili eksepsheni za watu wa nje zirithi hapo na za mfumo wao zikae SystemException, baadaye wakaja wakasema wenyewe msirithi huko, haiongezi thamani, rithini Exception moja kwa moja. Na ilikuwa imeshavurugika, maana kuna za kwao wenyewe kama TargetInvocationException zilikuwa zimerithi upande wa wageni. Dogo alikuwa ameisoma hiyo, akaniletea kama ushahidi kwamba mzazi mmoja ni upuuzi. Mi naona ushahidi huo unasema kingine. Mzazi wa dunia nzima ndo hana kazi, kwa sababu hakuna anayejua akimdaka afanye nini. Mzazi wa mfumo wako mwenyewe, ambao mdakaji wake unamjua kwa jina, hiyo kesi nyingine.

Sasa nikamwambia dogo aniletee hesabu. Piga grep, tafuta kila catch kwenye mradi na kila klasi inayotajwa kwenye bootstrap/app.php, uniambie kati ya hizo 31 ni ngapi zinatajwa na mdakaji yeyote. Akarudi na sita. Nyingine 25 zinarushwa, zinapanda, zinafika kwa mdakaji mkuu, unaonyeshwa ujumbe wao, basi. Klasi 25 zinafanya kazi ya sentensi 25.

Bro hapo akamtetea dogo, cha ajabu. Akasema jina la klasi lina kazi hata kama hakuna anayelidaka: kwenye logi unaona mara moja kilichotokea bila kusoma ujumbe mzima, na kwenye majaribio unapima klasi badala ya kupima maneno, maana maneno mtu wa chama atasema badilisha "mfugaji" iwe "mwanachama" na majaribio 12 yanaanguka. Ni kweli, nimelikubali. Ila kwa hilo kuna njia ya kati, klasi moja yenye milango kadhaa ya kuzaliwa, kwa mfano MalipoHayajaenda halafu ndani yake kuna salioHalitoshi(), nambaSioSahihi(), kiwangoKimezidi(), kila mlango unaandika ujumbe wake na msimbo wake wa sababu, majaribio yanapima msimbo. Faili moja badala ya matatu na logi bado inasomeka.

Halafu kuna zile ambazo hazikupaswa kuwa eksepsheni kabisa. Dogo alikuwa na AsaliImezidiMaji. Kipimo cha kimataifa cha Codex kinaishia asilimia 20 ya unyevu kwa asali nyingi, ikizidi inachacha, na mtu akivuna masega ambayo nyuki hawajayafunika bado utakuta 22, 23. Hiyo kituoni inatokea kila wiki! Karani anaiona, mfugaji anaijua kabla hata hajapimiwa, mfumo peke yake ndo unapiga mayowe kama umeona simba. Hilo ni jibu la kipimo, irudishwe kama jibu la kawaida: imekubaliwa, imekataliwa, sababu hii. Ukiirusha kama eksepsheni unamlazimisha kila anayeita hiyo njia (methodi, kipande cha kodi kinachopima) avae glavu za kudaka. Kuna watu wanakwenda mbali zaidi wanataka kila kosa la biashara liwe jibu la kurudishwa, eksepsheni zibaki za mashine tu, kina Rust na Go wamejengwa hivyo. Kwenye PHP mi sifiki huko, lugha haikusaidii, mtu atapokea jibu na asiliangalie, na utakuwa umehamisha tatizo kutoka kelele kwenda kimya. Kimya ni kibaya zaidi.

Na kimya ninakijua. Hapa naingia kwenye swali ambalo kwangu ndo kiini kuliko folda: je klasi ya eksepsheni ijue mambo ya HTTP, yaani lugha ya kivinjari na seva? Laravel inakuruhusu kuweka njia ya render() ndani ya eksepsheni yenyewe, irudishe ukurasa wake. Spring ya Java nao wana kibandiko cha @ResponseStatus unakibandika juu ya klasi, hii ni 404 (hakipatikani), hii ni 409 (kuna mgongano). Tamu sana, kila kosa linatembea na jibu lake mfukoni, huhitaji kwenda kwa handla kusajili. Kwa mfumo ambao kila kitu kinaanzia kwenye kivinjari sina ugomvi nayo.

Wetu hauanzii kivinjari peke yake. Kulikuwa na njia kwenye modeli ya Kituo, mmoja wetu (mimi) aliandika humo abort(404) kituo kisipokuwa hai, maana wakati huo ilikuwa inaitwa na kontrola tu na ilifanya kazi vizuri. Miezi ikapita, kazi ya usiku ya malipo ikaja ikatumia njia ileile. Usiku mmoja kituo kimoja kimefungwa kwenye mfumo, kazi ikafika kwake, ikarushwa 404 katikati ya usiku ambapo hakuna kivinjari wala mtu, kazi ikafa, vituo vyote vilivyofuata havikulipwa. Asubuhi mzee mmoja kaja ofisini kwa utulivu kabisa, wangaluka, tukaitika, tukampa kiti, akasema wanangu mimi sijaona hela. Shikamoo mzee, ngoja tuangalie. Tunafungua logi, nyeupe! Hakuna mstari hata mmoja wa usiku ule. Tumekuja kugundua mchana kwamba Laravel ina orodha yake ya ndani ya eksepsheni isizoziripoti, na eksepsheni za HTTP zimo humo, na za findOrFail (tafuta rekodi, usipoipata rusha) zimo pia, kwa sababu kwenye wavuti 404 ni kitu cha kila sekunde, ukiziandika zote logi itajaa takataka za roboti. Busara kabisa, kwa wavuti. Na ule mstari wa cron wanaokuelekeza uuweke unapeleka kila kinachochapishwa /dev/null. Kwa hiyo kosa lilisemwa, likasemewa shimoni.

Tangu siku hiyo mi upande huu nimehama jumla, modeli isijue 404 ni nini. Modeli irushe KituoKimefungwa, handla ya upande wa wavuti ndo iseme hiyo kwangu ni 404, kazi ya usiku iidake iseme hiki ruka, andika kwenye logi, endelea na kinachofuata. Tatizo lilelile, wadakaji wawili, kila mmoja ana lake la kufanya. Gharama yake ni kwamba mtu anayesoma eksepsheni haoni jibu lake palepale, inabidi afungue handla. Nimekubali kuilipa.

Na hapo ndo nilipomchukua dogo kwa mfano wa stesheni. Enzi zile treni moja inatoka Dar inafika hapa Tabora inakatwa, mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma huku, ya Mpanda huku. Wale jamaa wa kukata mabehewa hawaulizi ndani kuna mihogo au kuna abiria wa kwenda msibani, wanauliza linaenda wapi. Eksepsheni zako nazo zipange hivyo kwanza, zinakwenda kwa mdakaji gani na atazifanya nini, halafu folda itajipanga yenyewe. Tukakaa tukaona kwetu safari ni tatu. Kuna kosa ambalo mtumiaji anaweza kurekebisha, aonyeshwe ujumbe wa maana, tukaliita KosaLaMtumiaji. Kuna la kupita, mtandao umekata, jaribu tena baadaye, KosaLaKupita. Na kuna letu sisi, bagi, logi iandike na simu yangu ilie, KosaLetu. Wazazi watatu, wanakaa folda moja ya pamoja. Watoto wao wanakaa kwenye moduli zao, na sharti la kuzaliwa mtoto mpya ni uonyeshe mdakaji atakayemfanyia kitu tofauti na mzazi wake.

Tulipofika kwenye malipo ile tatu ikavunjika. Ombi la malipo limetumwa, mtandao ukakata kabla jibu halijarudi. Dogo alikuwa ameliweka KosaLaKupita, jaribu tena. Nikamwuliza, na kama hela ilishakwenda? Akanyamaza. Ukijaribu tena unamlipa mtu mara mbili, na kumrudisha mfugaji nyuki wa porini huko akuletee hela iliyozidi, jaribu uone. Sio kosa la mtumiaji, sio la kupita, na sio bagi. Ni hali ya kutojua, na mdakaji wake ana kazi yake peke yake: kwanza uliza mtoa huduma kwa ile namba ya kumbukumbu ya muamala, imekwenda au haijaenda, ndo uamue. Ikapata klasi yake, MalipoHayajathibitika, na mzazi wake wa nne. Ndani yake tunabeba na eksepsheni ya asili iliyotoka kwenye maktaba ya HTTP, PHP inaruhusu kuibeba kama ya awali tangu toleo la 5.3, usipoibeba logi itakwambia malipo hayajathibitika na haitakwambia kwanini, unabaki unapiga ramli. Wiki nzima tumebishana folda na hilo shimo lilikuwa wazi muda wote.

Bro nilipomweleza akasema sawa, lakini watoto wamekaa kwenye moduli, kwa hiyo mimi ndo nimeshinda. Dogo anasema wazazi wako folda moja, kwa hiyo ameshinda yeye. Wacha wagawane. Kwa mfumo wenye eksepsheni chini ya kumi na mbili hivi mi bado ningemwambia mtu weka zote app/Exceptions, nenda kalale, ukianza kuona majina yanahitaji kiambishi cha moduli mbele ndo uhamishe, na uhamishe PHPStan ikiwa imewashwa.

Dogo sasa hivi amebaki na tisa. Iliyotushinda ni MfugajiHayupo. Inarushwa na mapokezi, inarushwa na malipo, inarushwa na ripoti, ukiiweka kwenye moduli ya Wafugaji moduli tatu zinaitegemea, ukiigawa mara tatu unakuwa na vitu vitatu vyenye jina moja na siku moja mtu atadaka kisicho chake. Kwa sasa imekaa folda ya pamoja na wazazi, peke yake, kama mtoto wa jirani aliyechelewa kurudi kwao, na kila anayefungua lile folda anaandika maoni juu ya faili. Yameshafika manne, la tatu ni la dogo: "kaka hii tuihamishe". Halafu chini yake la bro, ambaye hata hafanyi kazi hapa, sijui nani alimpa ruhusa ya kuingia kwenye repo: "iacheni".